Seli za uloto hazishiki? Mwongozo kamili wa kupima mshikamano wake na fibronektini

Kila baada ya wiki chache napokea picha ileile kwenye simu: pleti ya visima 96 isiyo na hata doa la zambarau, na chini yake maneno, "Kaka, seli zangu zimekataa kushika." Wengi ni wanafunzi wa uzamili hapa Dar, kazi yao ya maabara imebakiza miezi miwili na msimamizi anauliza. Nimeamua kuandika yote mahali pamoja.

Tunachopima ni hiki. Seli changa za damu hukulia kwenye uloto, ule ute wa ndani ya mfupa, zikiwa zimeshika matriksi, yaani wavu wa protini unaozizunguka: fibronektini, kolajeni, laminini na nyingine. Mikono yake ni protini za utando wa seli ziitwazo integrini. Kwa fibronektini, mikono mikubwa ni miwili: α4β1 na α5β1. Kadiri seli inavyokomaa ndivyo inavyolegeza, na mwishowe inaachia na kutoka kwenda kwenye damu. Jaribio letu linauliza ni seli ngapi zinashika, na kwa mkono upi.

Nasema mapema: mara nyingi seli hazikukataa. Zilishika, mtu akazing'oa kwa mikono yake wakati wa kuosha.

## Vitu vya kuandaa kabla hujagusa panya

- Pleti ya visima 96 yenye sakafu bapa, isiyotibiwa kwa ajili ya kukuzia seli. Zile zilizotibiwa huvutia makrofaji (seli kubwa za ulinzi wa mwili) na kukuchafulia majibu.
- Fibronektini, miligramu 1 inatosha. Usitishwe na bei: kwa mikrogramu 0.5 kwa kisima, miligramu hiyo inakupa visima 2,000.
- BSA, yaani albumini ya ng'ombe.
- PBS, yaani maji ya chumvi ya kuoshea seli, ya aina mbili: ya kawaida, na yenye kalsiamu na magnesiamu. Andika chupa kwa maandishi makubwa.
- Bafa ya kushikishia: RPMI (maji ya kukuzia seli) isiyo na seramu, yenye BSA asilimia 0.5 na HEPES milimola 20 ya kutuliza asidi.
- Kloridi ya manganisi, na EDTA, kemikali inayonyakua madini. Chupa ya manganisi iweke mbali na ya magnesiamu. Majina yanafanana na nimeshaona mtu mzima akikosea.
- Poli-lisini kwa ajili ya visima vichache vya kulinganishia.
- Kingamwili ya kuzuia α4 (kwa panya, PS/2 ndiyo inayotumika sana) na kingamwili ya kulinganishia ya jamii hiyohiyo.
- Paraformaldehidi asilimia 4, kristali vayoleti (rangi ya zambarau) asilimia 0.1, asidi asetiki asilimia 10.
- Vichujio vya mikromita 70, mabomba ya sindano, sindano namba 25.
- Boksi la foam lenye mfuniko na chupa mbili za plastiki. Haya unayapata Kariakoo, na sababu yake utaiona kwenye kuosha.

Maji ya betri hayafai. Najua yameandikwa "yaliyosafishwa". Hayafai.

Kibali cha maadili kiwe mkononi kabla ya yote. Ukitumia uloto wa binadamu unahitaji kibali cha taasisi yako, na utafiti wa afya wa kitaifa hupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Halafu mwambie daktari anayechota sampuli akuwekee kwenye chupa ya heparini, ile ya kifuniko cha kijani. Akiweka kwenye ya zambarau, umepokea seli zilizokwisha kuogeshwa EDTA.

Kama hujawahi kufanya jaribio hili, anza na seli za K562, seli za saratani ya damu ya binadamu zinazokuzwa maabara, badala ya panya. Zinakua kirahisi, na fibronektini huishika hasa kwa α5β1 peke yake, kwa hiyo majibu yake hayana utata. Ukiweza kuziosha K562 bila kuzipoteza, mkono wako umeiva.

## Hatua ya 1: Paka fibronektini, jioni ya kuamkia jaribio

Kama ni unga, ongeza maji safi ya nyuzi 37, weka chupa kwenye inkubeta dakika 30 na usiiguse. Usitikise wala usiweke kwenye mashine ya kukorogea. Fibronektini ikitikiswa hujifuma nyuzi, na ukishaona kitu kama utando wa buibui ndani ya chupa, ujue protini iliyobaki majini ni kidogo kuliko unavyodhani.

Igawe kwenye vichupa vidogo vya plastiki (kioo huifyonza) na ugandishe. Kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu. Mzigo wangu wa kwanza ulikaa ghalani siku nne ukisubiri karatasi, katikati ya Februari, nami kwa ubahili nikautumia. Nilipoteza mwezi nikilaumu panya.

Punguza hadi mikrogramu 10 kwa mililita kwa PBS ya kawaida. Weka mikrolita 50 kila kisima, funika kwa plastiki, acha kwenye friji usiku kucha. Ukichelewa, saa 1 kwenye nyuzi 37 inatosha.

Visima vya BSA usiviwekee fibronektini. Visima vitatu vingine viwekee poli-lisini, mikrogramu 100 kwa mililita. Hivi ndivyo vitakavyobeba hesabu ya seli zote. Visima vya pembeni kabisa vijaze PBS tu, maana hukauka kabla ya vya katikati.

Ukifanikiwa: asubuhi kila kisima bado kina maji. Kisima kilichokauka kifute kwenye mpango wako, usikijaze upya.

## Hatua ya 2: Ziba plastiki iliyobaki wazi

Tengeneza BSA asilimia 1 kwenye PBS, ipashe kwenye nyuzi 80 kwa dakika 10, iache ipoe, ichuje. Mwaga fibronektini kwa kuinamisha pleti, suuza mara moja, weka mikrolita 150 za BSA na uache saa 1 kwenye nyuzi 37. Visima vya poli-lisini viruke: suuza na uviache na PBS.

Sababu ni kwamba plastiki tupu hunata. Bila kuziba, utapima mapenzi ya seli kwa plastiki. Ila kuna mtego ambao vitabu vingi vya maabara haviusemi. Granulositi (aina ya seli nyeupe za damu) na makrofaji wana integrini nyingine, Mac-1, inayopenda protini zilizoharibiwa kwa joto. Uloto mzima umejaa granulositi. Kwa hiyo ukiona visima vya BSA vimejaa seli, usiongeze BSA. Punguza hizo seli kama nitakavyoeleza sasa hivi.

## Hatua ya 3: Toa uloto

Toa mifupa ya paja na ya muundi, isafishe nyama kwa shashi, ikate ncha zote mbili. Sukuma bafa baridi kwa sindano namba 25 hadi mfupa ugeuke mweupe. Mfupa ukiwa bado na wekundu ndani, hujamaliza. Panya mmoja kwa mifupa minne hukupa makumi ya milioni ya seli, zaidi ya mahitaji ya pleti moja.

Vunja mabonge kwa kuvuta na kusukuma taratibu, pitisha kwenye kichujio. Kama bado kuna kamasi, hiyo ni DNA ya seli zilizokufa. Weka DNase kidogo, kimeng'enya kinachokata DNA. Usiweke tripsini kamwe. Tripsini hukata vitu vilivyo juu ya seli, na juu ya seli ndiko iliko mikono unayotaka kuipima.

Seli nyekundu zilizokomaa ziondoe kwa bafa ya kloridi ya amonia, dakika 1 hadi 2, kisha ongeza bafa nyingi. Kama unachunguza hasa ukoo wa seli nyekundu, ruka hatua hii, usije ukapoteza zile unazozitafuta.

Kupunguza makrofaji: mwaga seli kwenye sahani ya plastiki ya kukuzia, saa 1 kwenye nyuzi 37, kisha kusanya zisizoshika. Granulositi wengi hawaondoki kwa njia hii. Mwenye bajeti atenge seli changa zenye c-Kit, protini inayozitambulisha, kwa shanga za sumaku. Atabaki na asilimia chache tu ya mavuno, ila jibu lake litakuwa safi.

## Hatua ya 4: Fukuza seramu na EDTA

Hatua hii ni fupi, na watu huidharau kwa sababu ni fupi.

Seramu ina fibronektini na vitronektini zake. Seli zilizotoka kwenye bafa yenye seramu asilimia 2 huja na mikono imeshajaa. Hazina haja ya kushika ulichopaka sakafuni. Na bafa nyingi za kuondolea seli nyekundu zina EDTA, ambayo hunyakua kalsiamu na magnesiamu. Integrini bila madini hayo ni mkono uliokufa ganzi.

Zungusha kwenye sentrifuji 300 g (g hapa ni nguvu ya mzunguko, si gramu) dakika 5, mwaga, rudisha kwenye bafa ya kushikishia. Rudia mara mbili zaidi. Halafu hesabu seli, ukitofautisha hai na zilizokufa kwa tripani buluu. Zikiwa chini ya asilimia 90 hai, usiendelee. Zilizokufa hunata popote.

Ziache zipumzike dakika 15 kwenye nyuzi 37.

## Hatua ya 5: Panga visima

Kila kundi visima vitatu:

1. Fibronektini, seli, bafa peke yake.
2. Fibronektini, seli, EDTA milimola 5.
3. Fibronektini, seli, manganisi milimola 1.
4. Fibronektini, seli, kingamwili ya α4.
5. Fibronektini, seli, kingamwili ya kulinganishia.
6. BSA, seli.
7. Poli-lisini, seli zote, bila kuoshwa.
8. Fibronektini bila seli.

Namba 2 na 3 ndizo zinazokuambia kama jaribio ni zima. Fikiria abiria aliyesimama kwenye daladala ya Mbagala ameshika bomba kwa vidole viwili. Dereva akikanyaga breki anakaza kiganja chote. Integrini nazo zina hali hizo mbili. Manganisi huzilazimisha zikaze, EDTA huziachisha. Kama hivyo viwili havitofautiani, hakuna cha kujadili kwenye visima vingine.

Seli za kundi la 3 zisimamishe kwenye bafa ya chumvi na HEPES isiyo na fosfeti. Ukiweka manganisi kwenye RPMI utapata vumbi jeupe sakafuni, na hadubini itakudanganya kuwa ni seli. Weka pia kundi dogo kwenye bafa hiyohiyo bila manganisi ili ulinganishe kwa haki.

Kingamwili zikutane na seli dakika 20 kabla ya kumwaga kwenye pleti. Mkono ukishashika, ni vigumu kuuzuia.

## Hatua ya 6: Weka seli

Seli 100,000 kwa kisima, kwenye mikrolita 100. Koroga chupa kila baada ya visima sita maana seli huzama, na visima vya mwisho vitapata nyingi kuliko vya kwanza.

Zizungushe na pleti yake taratibu sana, 20 g kwa dakika 2, zifike sakafuni pamoja. Kisha nyuzi 37 kwa dakika 45.

Umeme ukikatika katikati, usifungue mlango wa inkubeta kuchungulia. Inashika joto lake kwa muda mzuri. Jenereta ikichelewa, hamisha pleti kwenye boksi la foam lenye chupa mbili za maji ya vuguvugu.

## Hatua ya 7: Kuosha

Hapa tukae kidogo, kwa sababu picha zote ninazotumiwa zinaharibikia hapa.

Juzi dada mmoja alikuja na pleti ya tatu mfululizo iliyotoka tupu. Nikamwambia aioshe mbele yangu. Akatoa chupa ya PBS kwenye friji, akageuza pleti juu ya sinki na kuikung'uta kwa nguvu kama mtu anayekung'uta mkeka, akajaza kwa pipeti ya midomo minane ikielekea katikati ya kisima, akakung'uta tena.

"Hiyo PBS ina kalsiamu?"

"Ni ya kawaida, kaka. Si PBS ni PBS?"

"Na chumba hiki ni nyuzi ngapi?"

Akatazama rimoti ya kiyoyozi. Kumi na nane.

Makosa yalikuwa matatu kwa pamoja. PBS ya kawaida haina kalsiamu wala magnesiamu, kwa hiyo inafanya kazi ya EDTA kwa upole. Baridi hulegeza integrini. Na seli za uloto zikishika hubaki duara, hazijilazi na kutandaa kama za ngozi. Zimesimama sakafuni kwa eneo dogo sana, na mkondo wa maji ukizipiga kutoka juu zinang'oka.

Fanya hivi badala yake:

1. Pasha PBS yenye kalsiamu na magnesiamu hadi nyuzi 37, iweke ndani ya boksi la foam pamoja na chupa za maji ya moto. Zima kiyoyozi. Utatoka jasho, lakini ni dakika kumi tu.
2. Ongeza mikrolita 100 ukiegemeza ncha ya pipeti kwenye ukuta wa kisima, juu kidogo, maji yateremke yenyewe.
3. Acha sekunde 30.
4. Inamisha pleti kiasi na uvute maji kutoka kwenye kona ya juu ya ukuta. Bakiza kama mikrolita 50. Kisima kisikauke hata sekunde moja.
5. Rudia mara tatu kwa kila kisima, sawasawa. Ukiosha vya BSA mara tano kwa sababu "vinaonekana vichafu", umejipikia jibu.

Kundi la 7 liruke kabisa.

Baada ya kila mwosho weka pleti chini ya hadubini na uigonge ubavuni kwa kucha. Seli iliyoshika haitikisiki. Isiyoshika inabingirika au inacheza mahali pake. Acha kuosha pale visima vya EDTA vinapokuwa karibu vitupu huku vya manganisi bado vimejaa. Kama ni mara mbili au nne, andika idadi na uitumie hiyohiyo majaribio yote yajayo.

Dada yule alirudia siku ileile jioni na seli zilizobaki. Hazikuwa na hali nzuri tena, lakini safu ya manganisi ilitoka zambarau.

## Hatua ya 8: Gandisha, paka rangi, soma

Kwanza zungusha pleti 200 g dakika 5 ili seli za kundi la 7 zibane kwenye poli-lisini. Kisha weka paraformaldehidi polepole (ndiyo inayozigandisha seli, si baridi), dakika 15, ndani ya kabati la kuvutia hewa. Mivuke yake si ya mchezo, na mabaki yake hayamwagwi kwenye sinki. Yana chupa yake ya taka.

Suuza, weka kristali vayoleti mikrolita 50 kwa dakika 15, suuza kwa maji hadi yatoke meupe. Acha ikauke. Yeyusha rangi kwa asidi asetiki mikrolita 100, dakika 10 kwenye kitikisio, soma kwenye nanomita 590. Rangi hii hunasa kidogo hata kwenye protini tupu, na ndiyo maana kundi la 8 lipo.

Kama seli zako ni chache, baada ya kutenga c-Kit, kristali vayoleti haitaziona vizuri. Zipake kalseini, rangi inayong'aa, kabla ya hatua ya 6 na usome mng'ao badala ya rangi.

## Hatua ya 9: Hesabu

Toa kisima kisicho na seli kwenye kila namba, gawanya kwa seli zote, zidisha kwa 100. Mfano: fibronektini 0.42, seli zote 0.78, bila seli 0.06. Hiyo ni 0.36 kugawa kwa 0.72, asilimia 50. BSA ikisoma 0.12, ni asilimia 8. Mshikamano halisi wa fibronektini ni asilimia 42.

Usisubiri asilimia 100 kwenye uloto mzima. Ndani yake kuna seli nyingi zilizokwisha kukomaa, ambazo kazi yake ni kuondoka.

## Majibu yakikuchanganya

Peptidi ya RGD, kipande kifupi cha protini kinachoiga sehemu ya fibronektini, imezuia nusu tu. Haijaharibika. α5β1 hushika fibronektini kwenye RGD, lakini α4β1 hushika sehemu nyingine, CS-1, yenye mfuatano wa LDV. RGD haigusi mkono huo. Zuia mikono yote miwili kwa pamoja ndipo uone sakafu tupu, na tumia peptidi ya RGE kama kilinganishio.

K562 hazijali kingamwili ya α4. Ni sawa. Zinatumia α5.

EDTA haikuondoa kitu. Seli zimekufa, au unapima makrofaji, au sakafu haikuzibwa.

Manganisi imeshikisha kila kitu hadi kwenye BSA. Punguza hadi milimola 0.1.

Nataka kujua ni seli zipi zilizoshika. Rangi haitakuambia. Ziachishe kwa EDTA kwenye bafa baridi, zikusanye, kisha zipeleke kwenye mashine ya saitometria, inayosoma seli moja moja, na alama za CD71 na Ter119 kama ni ukoo wa seli nyekundu. Au zipande kwenye methiliselulosi na uhesabu makoloni. Utasubiri siku 7 hadi 14. Kwa wanaofanya kazi ya selimundu ndipo pananoga, maana retikulositi (seli nyekundu ambazo hazijakomaa) za wagonjwa huingia kwenye damu zikiwa changa mno, bado zina α4β1, na hushika kuta za mishipa kwa mkono uleule uliopaswa kuachwa ndani ya mfupa.

Visima vitatu vimekubaliana vizuri, naandika n = 3, yaani majaribio matatu huru? Hapana. Visima vitatu vya pleti moja ni panya mmoja. Tafuta wengine wawili, siku mbili tofauti, na kichupa kipya cha fibronektini kila siku.